Furushi la Bi Mize

Sivai nguo iliyotiwa karafumaiti. Mume wangu anajua, watoto wanajua, na shoga yangu mmoja mwenye duka la nguo Mlandege anajua vilevile, maana siku moja nilimrushia gauni lake juu ya meza mbele ya wateja, nikatoka mbio. Akanifuata hadi njiani akifoka, "We mwanamke, una wazimu?" Nikamwambia gauni lake linanuka maiti. Alininunia siku nyingi. Hakujua kuwa hapo nilikuwa nimejizuia. Nilichotaka kusema ni kwamba linanukia mama yangu.

Na hata hilo lisingekuwa kweli. Mama alinukia asumini na mafuta ya nazi, na jioni alinukia vitunguu. Karafumaiti alinukia siku moja tu. Basi niambieni nyinyi mnaojua mambo, kwa nini pua yangu imeishika ile ya siku moja, na hii asumini naikumbuka kwa kuhadithiwa? Nimekwishakuwa mtu mzima, nywele za mbele zimeanza kunigeuka, na bado jambo hili linanikasirisha.

Tulikaa mjini, Mji Mkongwe, ghorofa ya juu ya nyumba kuukuu yenye ngazi ndefu za giza. Baba alikuwa akifanya kazi hotelini Kiwengwa, akirudi Alhamisi jioni na kuondoka Jumamosi alfajiri. Siku nyengine tulikuwa watatu: mama, mimi, na mdogo wangu Salma, ambaye ndiyo kwanza alikuwa akianza kusema. Mama alikuwa na kifua kibaya. Akipanda na kikapu chake cha sokoni hukaa kitako katikati ya ngazi, akahema, kisha akacheka akaniambia, "Ngazi hizi huzaana, mwanangu. Jana hazikuwa nyingi hivi." Mimi nikiamini. Nilidhani kweli kuna mtu anatuongezea ngazi, nikamchukia mtu huyo.

Asubuhi moja niliamka nikamkuta jirani yetu, Bi Zuleikha, amesimama mlangoni kwetu, amejitanda kanga mpaka mdomoni. Nyuma yake wanawake wengine, na wengine, na ngazini wengine wakipanda. Hakuna aliyenisemesha. Kisha wakapisha njia, akaingia mwanamke nisiyemjua, mrefu, mweusi tii, kanga kaifunga kibwebwe, mikono mitupu. Walimwita Bi Mize. Hakulia kama wenzake. Alitazama chumba, akasema kwa sauti ya mtu wa kazi, "Nataka maji ya kutosha, majani ya mkunazi, pamba na karafumaiti. Na huyu mtoto mtoeni hapa."

Mtoto mwenyewe ni mimi. Nikabebwa juujuu mpaka nyumba ya pili kwa Bi Zuleikha, pamoja na Salma. Tukapewa chai na mkate wa mofa. Lakini kabla ya kutolewa nilikuwa nishaona mengi: kanga zimeshikwa kama pazia kukizunguka kitanda, miguu ya mama chini ya pazia, imenyooka, na maji yakimwagwa taratibu. Harufu ile ikatufuata mpaka kwenye chai.

Baadaye zikasikika sauti za wanaume wengi wakileta tahalili, zikashuka ngazi, zikaishia uchochoroni. Bi Zuleikha alifunga dirisha. Alipolifungua tena, nilipanda kwenye kiti nikachungulia, nikamwona Bi Mize anatoka mlangoni kwetu na furushi kubwa kichwani. Lilifungwa kwa shuka la mama, lile la maua ya waridi. Alikuja mikono mitupu, sasa anaondoka na mzigo. Nikateremka kitini nikakimbilia kwetu. Chumbani hapakuwa na mtu. Godoro limekunjwa, mama hayupo.

Nyinyi mnaijua ada yetu: nguo za marehemu hupewa aliyemuosha. Hata mimi leo naijua, na wa kwangu walipokufa nguo zao nilizikunja nikazitoa kwa mkono wangu. Lakini siku ile nani aliniambia? Nilikuwa sijafika darasa la pili. Nilichokijua ni cha harusini. Bibi harusi huogeshwa na wanawake, hufukizwa, huvalishwa, kisha watu wengi wakaja wakamchukua nyumba nyengine na nguo zake zikafuata. Mama naye kaogeshwa. Mama naye kachukuliwa na watu wengi. Nguo zake nimeziona kwa macho yangu zikienda. Kwa hiyo mama yuko kwa Bi Mize. Mambo yalinyooka kabisa, sikuwa na shaka hata chembe.

Na wakubwa, Mungu awasamehe, wakazidi kuninyooshea. Hitima ikasomwa, matanga yakaisha, na neno lenyewe hakuna aliyelitamka mbele yangu. "Mama yenu kapumzika," alisema mmoja. Nikajua, kwa sababu ya zile ngazi zilizomchosha. "Mama yenu yuko pahala pazuri," alisema mwengine. Baba ndiye aliyemaliza kazi. Kila Ijumaa akishasali hupitia nyumbani, akabadilisha kofia, akaniambia bila ya kunitazama, "Nnakwenda Mwanakwerekwe kwa mama yako." Nikimwambia nichukue, husema, "Wanawake hawendi huko."

Hawendi vipi? Mama mdogo akienda Mwanakwerekwe kila wiki. Huyu ni mdogo wake mama, aliyehamia kwetu siku zile za matanga na mkoba wake wa zipu iliyokatika, akawa ndiye anayetupikia na kutuogesha. Alikuwa msichana bado, ana haraka, mkono wake mwepesi kupiga na mwepesi kubembeleza. Akienda soko la Mwanakwerekwe kwa sababu kule tungule na mbatata ni rahisi. Na siku moja nilimsikia akimwambia Bi Zuleikha kwamba kamwona yule Bi Mize sokoni, maana anakaa papo hapo nyuma ya soko. Basi nikaona baba ananidanganya. Makaburi ya Mwanakwerekwe sikuwa nayajua. Kwangu mimi Mwanakwerekwe lilikuwa soko, na nyuma ya soko nyumba ya Bi Mize, na ndani ya nyumba mama yangu.

Sikumchukia mama kwa kwenda. Nilimchukia Bi Mize.

Salma ndiye aliyenitia tabu. Kila jua likianza kuchwa alisimama juu ya ngazi akaita, "Mama! Mama!" Akiita kwa kujiamini, kisha kwa hasira, kisha akalia mpaka akatapika. Mama mdogo akimbeba huku na huku naye analia. Mimi nikamvuta Salma pembeni nikamwambia siri yangu. "Mama yuko Mwanakwerekwe kwa bibi mmoja. Mimi napajua. Nitakuletea." Akatulia. Neno hakuliweza, akasema, "Mama Kekwe." Nikamwambia ndiyo, Kekwe, na mimi nitakuletea, wallahi. Tangu hapo kila akilia namwambia hivyo, na kila siku akawa analia kidogo kuliko jana, mpaka ikafika jioni asipande ngazi kabisa. Nikajisifu moyoni kwamba mwenzangu ananiamini. Kumbe alikuwa anasahau.

Mvua za masika zilipokwisha, niliganda kwenye baibui la mama mdogo mpaka akakubali kwenda nami sokoni. Salma tulimwacha kwetu na Bi Zuleikha. Kabla ya kushuka nilimshika mabega nikamnong'oneza, "Leo nakuja na mama. Usilale." Akanitazama kwa macho yake makubwa, akasema, "Mama," basi, kama mtu anayetaja kitu alichowahi kukisikia.

Pale sokoni sikuhangaika sana. Mama mdogo alikuwa ameinama anachagua mbatata na kugombana na muuzaji, "Mbona zimeota macho hizi, zinanitazama!" Mimi nikaiona kanga. Ya zambarau, na pembeni ina alama ya kuungua, pembe tatu, ya pasi ya mkaa. Siku alipoiunguza mama alisema "Ala!" akaipiga pasi teke, akaumia kidole, tukacheka mimi na yeye mpaka mchuzi ukakauka jikoni. Kanga ile isingeweza kunipotea. Ilikuwa kichwani kwa Bi Mize, inakwenda zake na kikapu. Nikaliachia baibui la mama mdogo, nikaifuata.

Alipita nyuma ya mabanda ya samaki, akakata uchochoro, akaingia nyumba ya bati yenye ua wa makuti. Nami nikaingia. Hodi sikupiga. Uani palikuwa na kamba, na juu ya kamba gauni la kijani la mama, bichi bado, linachuruzika maji. Nguo ikianikwa mwenyewe yupo. Hilo mtoto yeyote analijua. Nilifurahi, wallahi nasema kweli, sijapata furaha kama ile tena, si ya harusi yangu, si ya kuzaa. Bi Mize alikuwa amenipa mgongo anatua kikapu. Nikampita, nikafunua pazia la chumba.

Kitandani kulikuwa na mtu amejifunika shuka la maua ya waridi gubigubi, amelalia ubavu, kauelekea ukuta. Mama hulala hivyo kifua kikimshika. Nikapanda kitandani nikamkumbatia kwa nyuma kwa nguvu zangu zote. "Mama, nimekuja. Inuka twende. Salma anakungoja."

Aligutuka akageuka. Alikuwa msichana wa watu, macho mekundu ya homa, ananishangaa. Sikumbuki kupiga ukelele, lakini lazima niliupiga, kwa sababu Bi Mize aliingia mbio na ufagio mkononi.

"Mtoto wa nani wewe? Kwenu hakupigwi hodi?"

"Namtaka mama yangu."

"Mama'ako nani?"

Nikaishika ile kanga yake nikaivuta mpaka ikamtoka kichwani, nikamwonyesha pembe iliyoungua. "Hii ya mama. Na gauni la mama. Na hili shuka la mama. Umemweka wapi?"

Ufagio ukamwanguka. "Lahaula," alisema. "Wewe ndiye yule wa mjini? Wa zile ngazi ndefu?" Nikaitikia kwa kichwa. "Hawajakwambia?"

"Wameniambia yuko Mwanakwerekwe."

Bi Mize alinishika mkono akanitoa uani, akakaa chini mchangani, akaniweka mbele yake tukatazamana. Uso wake ulikuwa mgumu. Nilidhani atanipiga.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi sikumchukua mama'ako. Mimi nilimuosha. Mama'ako kafa."

Neno lenyewe nililijua. Paka hufa, kuku hufa. Lakini nilikuwa na hoja zangu. "Ulimwambia kama tunamngoja?"

"Hasikii, mwanangu."

"Ulimsemesha kwa nguvu?"

Hapo aligeuza uso kando. "Nilimsemesha. Sisi waosha huwasemesha. Nilimwambia nakugeuza sasa, nakumwagia maji sasa. Maji yalikuwa ya baridi asubuhi ile. Mtu aliye hai angeshituka. Yeye hakushituka. Nilimshika huu mkono wake, nikauachia, ukaanguka. Kama angeweza kunijibu, angenijibu. Kama angeweza kurudi kwenu, angerudi kwa miguu yake."

"Na baba anakwenda kwa nani Ijumaa?"

"Kaburini. Ni huku huku, mbele ya soko. Ni mchanga na jiwe. Baba'ako hana anayemfungulia mlango."

Kisha akaiokota ile kanga, akaikung'uta, akanipa. "Chukua. Mimi nimepewa kwa ada, na mimi nakupa wewe." Niliichukua nikajifunika uso nayo, nikavuta pumzi mpaka mbavu zikauma. Ilinukia sabuni ya mche, na moshi, na samaki, na jasho la Bi Mize. Mama hakuwemo. Nilivuta tena. Nikaigeuza upande wa pili nikavuta. Hakuwemo, jamani. Nikamrudishia.

"Si yake tena," nilimwambia.

"Si yake tena," alisema yeye.

Alinishika mkono mpaka sokoni. Mama mdogo alikuwa kati ya njia anapiga kelele jina langu, ushungi umemwanguka, mbatata zimemwagika, watu wamemzunguka. Aliponiona alinizaba kofi, kisha akanishika akanibana mpaka nikakosa pumzi, kisha akainua mkono anizabe tena.

"Usimpige," alisema Bi Mize. "Kaja kumtafuta mama'ake."

Mama mdogo mkono ukabaki juu. "Umemwambia nini?"

"Nilichoulizwa."

"Baba yake alisema asiambiwe mpaka akue!"

"Basi keshakua," alisema Bi Mize, akajitanda kanga yake ya zambarau, akaenda zake.

Nimelifikiri sana neno lile, na mpaka leo silikubali. Watu hupenda kusema msiba hukomaza. Mimi nimeona watoto wengi waliofiwa, nimesomesha watoto, nawajua. Mtoto hakomai. Hunyamaza, na wakubwa wakakiona kile kimya wakakiita ukubwa kwa sababu kinawapumzisha. Mimi kuanzia siku ile nilisifiwa sana. Sikudeka, sikuuliza, nilijifunza kupika ubwabwa hata mikono haijafika vizuri jikoni. "Mtoto ana akili huyu," walisema. Nilichokuwa nacho si akili. Nilikuwa nimekwishajua kwamba mtu unaweza kumwita kwa nguvu zako zote na asigutuke, na mtu akilijua hilo, hana tena la kulipigia kelele. Kila aliyelala mchana nyumbani nilimgusa mkono, nikauinua, nikauachia, nione kama utaanguka vibaya. Mume wangu miaka ya mwanzo alidhani ni mapenzi.

 Tuliporudi njiani mama mdogo alilia tu chini ya ushungi, na mimi nilimtazama bila ya huruma. Mawazo yangu yote yalikuwa kwa Salma. Nilimwahidi. Nilimwapia. Nikawa nayapanga maneno: nitamweka mbele yangu kama nilivyowekwa, nitamwambia mama hayuko Kekwe, nilikosea, mama kafa, kufa ni kumwagiwa maji ya baridi usishituke. Nilikuwa naogopa mno. Nilijua atalia kama zamani, atatapika, atanichukia. Lakini pia, na hili nalisema kwenu tu, kulikuwa na kitu ndani yangu kilichomngojea huyo Salma alie. Nilitaka tuwe wawili. Baba hasemi, mama mdogo hujificha chooni kulia. Nilitaka mtu mmoja katika nyumba ile tulie naye mama kwa sauti.

Tulipanda ngazi. Mimi mbele, mama mdogo nyuma yangu na kikapu, anahema, kwa sababu alikimbia sana sokoni. Bi Zuleikha alitusikia akamfungulia Salma mlango wa juu. Akatoka, kavaa gauni la njano, nywele zimesukwa, hakuwa amelala. Aliikumbuka ahadi yangu, ndiyo, aliikumbuka. Alinitazama kwanza mimi. Kisha akatazama nyuma yangu, nani nimekuja naye.

"Mama!" alisema.

Aliniparamia akanipita, akashuka ngazi kwa makalio kama alivyozoea, mbiombio, mpaka akaufikia mguu wa mama mdogo akaukumbatia. "Mama! Mama kaja!" Alikuwa anacheka. Alimtazama usoni kabisa, na akacheka.

Mama mdogo akanitazama mimi. Miezi yote ile akiitwa hivyo kwa bahati mbaya hujibu, "Mimi mama mdogo, sema mama mdogo."  Nilidhani atasema. Nilimwomba kwa macho aseme.

Akaweka kikapu chini. Akamnyanyua. "Naam, mwanangu," alijibu.

Salma hakumwita mwengine tena. Leo ni mama wa watoto watatu, na ukimuuliza mama yake nani atakuonyesha mama mdogo, wala hakosei, kamlea kwa haki. Mimi sikuwahi kumwambia. Siku ile walinipita ngazini wakaingia ndani, mlango ukabaki wazi, na mimi nilikaa pale pale na maneno yangu niliyoyapanga njia nzima, sina wa kumwambia.